Wazee wa Panki Shambani Kwangu

Kijana anayeniwekea nyimbo kwenye flashi pale Nyakanazi aliniambia bendi yangu imechoka. "Mama, hawa wazee wapumzike tu. Mpiga ngoma wao hata mwendo hana tena." Nusura nimzabe kibao. Yeye hasira yake kubwa maishani ni bando kuisha, halafu anawafundisha watu wazima kuchoka.

Ni bendi ya panki, roki ya mbio na makelele, ya wazungu ambao siku hizi wana mvi na vitambi. Niliwapenda nikiwa msichana, nikifua nguo za fundi mmoja wa malori ya misaada kule Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi. Siku anaondoka aliniachia kanda yao. Nyumbani, upande wa Rulenge, mama aliisikiliza kidogo akauliza ni nani anayepigwa. Sikuelewa maneno mengi, lakini nilielewa kwamba watu hawa wamekataa. Mimi sikuwahi kuruhusiwa kukataa kwa sauti namna ile.

Nikaolewa Biharamulo, kwa Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga. Huko watu hulima kwa kikundi, na kikundi hulima kwa ngoma. Ngoma ikilia, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Ikinyamaza, kila mtu anakumbuka mgongo wake. Marehemu mume wangu, kwa kunipenda, siku moja aliwapigia ile kanda yangu. Majembe yaligongana, mmoja nusura ajikate kidole cha mguu, tukacheka mpaka tukakaa chini. Mbio zile hazikuwa za jembe.

Mwaka huu amefariki. Siku ya kuanua matanga, shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alisimama mbele ya watu akasema shamba ni la ukoo, na nikishindwa kulilima msimu huu atalichukua. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chai. Mvua zilipoanza, akaifungia ndani ngoma ya kikundi, maana ngoma hutunzwa kwake. Nilipolalamika, wanawake wenzangu waliniambia mjane hapazi sauti. Mvumilivu hula mbivu, wakasema. Mbivu zipi, na shamba lenyewe linaliwa?

Ni wiki hiyo nilipoisikiliza albamu mpya ya bendi yangu, nimekaa barazani napukuchua mahindi ya mbegu. Kijana wa Nyakanazi hakudanganya, kweli wamepunguza mwendo. Zamani mpiga ngoma alikimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Sasa kila pigo analitua chini kwa uzito wote wa mwili wake, na halijutii. Sauti ya mwimbaji imekwaruzika. Kwenye wimbo wa tatu anakohoa kabisa, na kikohozi wamekiacha humo humo. Wimbo wenyewe, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, ni wa mtu anayemwambia mwenye nyumba kwamba hatoki. Nililia, na yale machozi yalikuwa ya hasira tupu. Wanaosema hasira ni mambo ya vijana hawajawahi kunyang'anywa kitu walichokitolea jasho.

Niliurudia. Nilipourudia tena nikajikuta nimeacha mahindi, mikono yangu miwili inapanda na kushuka. Ilikuwa imeshika jembe ambalo halipo.

Siku ya kulima, wanakikundi walikuja. Wakasimama ukingoni mwa shamba wakitazama chini.

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu kiongozi wao.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja, ila ngoma tumenyimwa. Tutalimaje?"

Nikaweka spika yangu juu ya kichuguu, nikachomeka flashi. Mwanzoni waliangaliana, mmoja akaficha kicheko. Mzee aliinamisha kichwa akasikiliza kwa muda. Kisha jembe lake likapanda.

"Anayepiga ngoma hii ni mtu mzima," akasema. "Huyu amewahi kulima."

Mstari mzima ukaingia. Majembe hayakugongana hata mara moja. Nilitamani kijana wa Nyakanazi awepo aone wazee waliochoka wanavyopindua ardhi.

Tulikuwa katikati ya shamba shemeji alipotokea, akaja kusimama mbele yetu kwenye majani.

"Shemeji, zima hayo makelele. Watu wanatucheka. Msiba bado mbichi, na wewe unapiga muziki?"

Majembe yakasimama. Spika ikabaki inaimba peke yake, na ulikuwa ni ule wimbo wa tatu. Tukamsikia yule mwimbaji mzee akikohoa, kisha akaendelea. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyalimbikiza tangu matanga. Yalinitoka mawili.

"Shemeji, sitoki."

Nikaongeza sauti mpaka spika ikakoroma, nikainua jembe, nikaendelea na mstari wangu, uliokuwa unaelekea pale pale alipo. Nyuma yangu nikasikia majembe yote yanashuka kwa pamoja. Ikabidi asogee, maana alikuwa amekanyaga sehemu ambayo bado hatujailima.