Nyasi za Kiatu cha Ravdná

Ukimsikia Ravdná akikohoa, ujue yuko karibu kugomba. Ndivyo alivyo tangu nimfahamu: mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mfugaji wa kulungu wa theluji kwenye nyanda za Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe, kama mama yake na bibi yake. Majira yale jua lisipochomoza kabisa, mianga ya kaskazini ikijikunjua mbinguni, kijani na zambarau, ndiyo humsaidia kutafuta wanyama waliotangatanga. Wasami, wenyeji wa huku, huiita mwanga unaosikika. Na kwa kuwa nao unasikia, chini yake mtu hapigi mluzi, wala njuga za wanyama hazilizwi. Mwenye njuga huzijaza nyasi, zikanyamaza.

Mwaka ule mvua ilinyesha katikati ya baridi. Ikaganda juu ya theluji kama bati. Kulungu wakakwangua kwato hadi damu, malisho wakaishia kuyanusa tu, na majike yana mimba. Ikabidi Ravdná atafute chakula cha magunia, na mwenye magunia ni Halvard, mtu wa kusini aliyefungua kambi ya wageni. Wakapatana: yeye atoe magunia, Ravdná awatembeze wageni waione mianga, kwa sleji, kile kigari cha kuteleza kinachovutwa na kulungu.

Haki tuiseme, mianga ile inalisha watu. Jovnna, mpwa wa Ravdná, naye dereva wa sleji, ameanza kujenga nyumba kwa pesa za mianga hiyo.

"Shangazi, mbingu imetuajiri," husema.

"Mwajiri gani, akilewa anatuzimia redio?"

Ni kweli. Siku mianga inapochachamaa, redio hukoroma tu, na vile vifaa vya shingoni mwa kulungu vya kuonyesha kundi lilipo huduwaa. Mfugaji akabaki na macho yake.

Jioni moja, kabla hata ya chakula, mianga ikaja nyekundu, njuga bado hazijajazwa nyasi. Wageni wamekwisha kupanda. Halvard akatoka mbio na kamera.

"Ravdná! Tikisa njuga! Wageni wamelipia na sauti."

"Wamelipia safari. Sauti hiyo si yangu kuiuza."

"Huo ni ushirikina, mama."

"Na wewe unayegonga meza kila ukisema gari lako zima, eti lisiharibike, ni fundi?"

Jovnna akachekea puani. Halvard hakucheka.

"Njuga zilie, au kuanzia kesho hakuna magunia."

Ravdná akakohoa. Kisha, badala ya kugomba, akaketi kwenye theluji akavua kiatu cha ngozi. Kiatu chetu cha huku hakitaki soksi. Hushindiliwa nyasi kavu zilizokatwa kiangazi na kupondwa zikalainika, nazo ndizo hushika joto. Akazichomoa zote, akajaza njuga moja baada ya nyingine, mguu mtupu ukifuka mvuke.

"Shangazi, mguu!"

"Ninao mwingine."

"Umejifukuza kazi," Halvard akasema.

"Nimeshuka tu. Kufukuzwa ni kwa mbwa."

Akavaa kile kiatu kitupu, akamfungua kulungu wake, akaondoka naye bila mlio. Jovnna hakumfuata, ana nyumba haijaezekwa. Lakini kesho yake alipanda kilimani na shoka kumsaidia.

Tangu siku hiyo wakawa wanaangusha matawi ya misonobari mizee, ile yenye ndevu za kuvu za kijivu zinazoning'inia, kulungu wakala ndevu hizo. Kazi ya kuvunja mgongo, na chakula chenyewe hakitoshi. Majike mawili hayakuiona masika. Ravdná aliyachuna mwenyewe, hakutaka msaada wa mtu. Mengine yalizaa, ndama wakasimama kwa miguu inayotetemeka kwenye theluji inayooza.

Ule mguu nao ulidai chake. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, daktari akakitoa.

Nilikuwa jikoni kwake, tunakunywa kahawa yenye vipande vya jibini ndani, Jovnna alipoingia na ujumbe. Halvard anasema wageni wanamuulizia yule mwanamke wa kiatu. Arudi, magunia yapo. Ila njuga zilie kidogo tu, hata mara moja.

Ravdná akakohoa. Akaunyoosha mguu wake kwenye kigoda, akautazama kama anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Mwambie," akasema, "bado nina vidole tisa."