Timorasso Ilipochacha

Mwanangu, ipo asubuhi moja hapa Tottenham ambayo hadi leo nikiikumbuka, viganja hunitoka jasho. Nilikuwa binti mbichi, sijamaliza hata mwaka tangu nitoke Nakuru, na kazi yangu ilikuwa ya kea, kutunza wazee na wagonjwa majumbani mwao. Nilimhudumia Mama Rosa, bibi wa Kitaliano mwenye magoti mabovu. Mumewe, Mzee Pietro, alikuwa mzima wa afya, ila zabibu zilimtia wazimu. Si hizi za dukani. Zabibu nyeupe za milima ya kwao, jina lake Timorasso. Wakulima walikuwa wamezitupa kwa sababu huzaa kwa shida, karibu zipotee kabisa. Majani yakianza kupukutika, ndugu yake alimletea makreti kwa gari, naye akatengeneza mvinyo katika chumba cha chini ya nyumba. Mimi sinywi, lakini ile harufu ya asali niliipenda.

Siku hiyo mapipa yalikuwa yakichacha. Mama Rosa akanituma nimwite mzee aje anywe chai. Kufungua mlango wa chumba cha chini, namwona amelala kwenye ngazi, mdomo wazi, kimya. Nikashuka mbio vidato viwili vitatu. Kichwa kikazunguka, magoti yakalegea. Mama Rosa, aliyekuwa amenifuata akijishikiza ukutani, akanidaka sweta kwa nyuma, akanivuta, tukaanguka wote wawili ukumbini.

"Usishuke! Mvinyo ukichacha hutoa hewa inayoua. Baba yangu alianguka hivyo hivyo, kaka yangu akamfuata. Tulizika wawili!"

"Mama, atakufa!"

"Basi afe mmoja! Toka nje, kavunje dirisha la chumba cha chini. Mimi nawapigia zimamoto."

Nililivunja kwa tofali. Kisha nikabaki pale nje, namwona mtu na siwezi kumgusa. Hofu kama ile, mwanangu, sijaionja tena. Zimamoto walikuja na mitungi yao ya hewa, wakamtoa akiwa na rangi ya jivu. Alipokohoa, ndipo Mama Rosa alipolia.

Wahenga hawakukosea: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyinyi vijana mnaona haya kuogopa. Usione haya. Ukimkuta mwenzako ameanguka, uliza kwanza ni nini kilichomwangusha. Ita watu, kisha fanya lile unaloweza ukiwa umesimama mahali salama. Kumpenda mtu si kufa naye.

Mola akuonyeshe hatari kabla mguu wako haujaifikia, na kila jioni akurudishe kwa wanaokungoja.