Siku Ugali wa Ukweni Ulipotoa Povu

Nikipita kijijini Njinjo hadi leo kuna watu wananiuliza kama nimesaga jiwe au muhogo, halafu wanacheka kabla sijajibu, kwa hiyo ni bora niwasimulie mwenyewe, maana ikisimuliwa na wengine mimi naonekana mjinga kuliko nilivyokuwa (na nilikuwa mjinga wa kutosha).

Mnanifahamu. Nina stashahada ya ufundi mitambo, nimefanya kazi Maskati kwenye kiwanda cha marumaru mpaka nikawa msimamizi wa zamu, nikarudi na akiba yangu, sikumwomba mtu, nikafunga mashine za kusaga marumaru nje kidogo ya kijiji. Si mashine za mchezo hizo. Jiwe linaingia kubwa kama kichwa cha mbuzi, linapondwa, linasagwa, feni inanyonya unga na kuupeleka kwenye mifuko mirefu ya kitambaa inayouchuja, na kinachotoka ni laini kuliko poda ya mtoto mchanga. Wananunua watengeneza rangi, wananunua watengeneza dawa ya meno. Ukiushika hata huhisi kama umeshika kitu.

Kilichobaki kilikuwa mke, na mke niliyemtaka ni Somoe. Posa ilishapelekwa na rafiki yangu Hamisi, ndiye mshenga, na kwao wakasema jibu litatoka Jumapili baada ya chakula cha mchana, tena litatoka mdomoni mwa mjomba wake, maana kwao mjomba ndiye mwenye neno. Wiki nzima sikukaa. Namimina chai naiacha, nazima mashine naiwasha, natazama simu, nampigia Hamisi, Hamisi ananiambia, "Tulia bwana, hujashitakiwa," nakata, nampigia tena.

Ijumaa Somoe akapiga. Mashine ya nafaka pale kijijini imeharibika, na mama yake ana gunia la makopa, muhogo mkavu wa ugali wa Jumapili, hajui aupeleke wapi. Kwetu mchumba hupewa kazi ya ukweni, apasue kuni, alime, huku wanamtazama, na mimi nilikuwa sijapewa hata kuteka maji, nikahisi wananionea haya kwa ajili ya stashahada. Nikaona kazi yangu ndiyo hii.

"Leteni kwangu."

"Kwako si kunasagwa mawe?"

"Mashine haijui jiwe wala muhogo, Somoe. Inajua kusaga."

"Nimwambie mama hivyo hivyo?"

"Mwambie atakula unga ambao hata Dar hawajauona."

Nilisafisha, msidhani sikusafisha. Nilifuta, nikapuliza kwa kompresa mpaka nikawa mweupe kope na nyusi. Ila ile mifuko ya kitambaa niliipigapiga tu kwa fimbo, maana kuivua na kuifua ni kazi ya siku nzima, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikamwaga makopa, nikawasha, feni ikavuma, na unga ukatoka mweupe mpaka unaumiza macho. Nikapakia guniani, nikanyanyua, nikakuta gunia limekuwa zito kuliko lilivyokuja. Mtu mwenye akili angejiuliza ni muhogo gani unaoongezeka uzito kwa kusagwa. Mimi nilimwambia Hamisi huo ndio ufanisi wa mashine za kisasa.

Jumapili tukakaa jamvini, mimi, Hamisi, mjomba na wazee wawili watatu wa ukoo, wanawake wako uani nyuma ya pazia. Ugali ukaja kwenye sinia, unang'aa, na mchuzi wa kambale, pilipili, na ndimu zilizokatwa. Mjomba akainama kuutazama.

"Mweupe huu. Kama sanda."

"Umesagwa kitaalamu, mjomba," nikasema (Hamisi akanifinya paja, sikumwelewa), na nikaanza kueleza upepo, feni, ulaini wa chembe, na jinsi Maskati walivyokuwa wakiniita mimi kwanza mashine ikigoma. Mjomba akakata tonge, akalibonyeza, akalikamulia ndimu, maana yeye bila ndimu hali.

Tonge likaanza kuchemka.

Nasema kuchemka kwa sababu sijui niseme nini. Likatoa povu, likafanya sauti ndogo kama ya soda, mapovu yakamtambaa vidoleni. Mjomba akalitupa, sinia nzima ikaruka.

"Astaghfirullah! Ugali unapumua!"

"Wametuwekea kitu!" mzee mmoja akasema, ameshasimama, anatafuta viatu.

Hapo ningenyamaza. Hamisi alikuwa ameshafungua mdomo atuokoe. Lakini mimi siwezi kusikia kitu kinachohusu mashine yangu nikanyamaza, nikasema, "Si sumu, wazee wangu, ni marumaru kidogo tu, ikikutana na ndimu hutoa hewa, hata kwenye dawa ya meno hutiwa."

Ikaja sauti ya mama Somoe nyuma ya pazia, taratibu kabisa:

"Mwanangu, umetusagia mawe?"

"Kidogo tu, mama."

"Mawe kidogo."

Nikaona jibu langu linaondoka na viatu vya yule mzee. Basi ili niwathibitishie kuwa hakuna madhara nikavuta sinia, nikakata tonge, nikakamua ndimu, nikala. Nikala jingine. Lilikuwa linasaga menoni, lakini nilikula huku natabasamu, nakamua ndimu, nakula, mpaka Hamisi akaninong'oneza, "Inatosha, wamekuelewa." Mjomba akakaa tena. Akakohoa. Akasema, "Haya. Kuhusu lile lililotuleta hapa," na mimi nikakaa wima nimsikilize, na hapo hewa yote ya marumaru na ndimu iliyokuwa tumboni ikapanda kwa pamoja.

Nilibeua, jamani. Mbele ya mjomba wa mke. Mbeuo mrefu, wenye kona, kuku wakakimbia uani. Nikaziba mdomo ukaja wa pili. Nyuma ya pazia wanawake walianza kwa kujizuia, wakashindwa, na kicheko kilichokuwa juu kuliko vyote nilikijua ni cha nani.

Mjomba akasubiri mpaka nikamaliza.

"Mpeni kinu na mchi," akasema. "Atwange mwenyewe makopa yaliyobaki ghalani. Tukila ugali usiopumua, tutazungumza."

Nilitwanga uani, nimevaa shati la kuposea, na kila anayepita njiani anasimama. "Injinia, umeme umekatika?" "Injinia, hiyo ni modeli ya mwaka gani?" Mama Somoe anachekecha, anaona chenga, ananirudishia kinuni, viganja vyangu vimetoka malengelenge, na kila nikiinua mchi nabeua. Jua lilikuwa limeshalala upande wa pili wa nyumba ugali mwingine ulipoiva. Mjomba akakamua ndimu, akasogeza uso karibu, akasikiliza. Akala.

"Binti tumekupa," akasema, "ila unga wa harusi utasagwa Kilwa Masoko, na wewe usiuguse."

Nikaapa pale pale, na mpaka leo sijavunja: hakiingii mashinani kwangu kitu cha kwenda kinywani mwa mtu. Na ukweni wakinipa kazi siku hizi, naifanya nimefunga mdomo.