Panga la Anaeli Laingia Ngomani

Anaeli wa Marangu ameshika panga tangu utotoni, na miaka yote hiyo panga lake halikujua kucheza. Lilijua kukata migomba ya kulisha ng'ombe, kufyeka majani chini ya mibuni, na sikukuu ikifika, kupasua mifupa ya mbuzi. Basi. Halafu akaja Shakiru.

Shakiru ni mwalimu wa karate kutoka Soweto, Moshi mjini. Hoteli moja ilimtaka aandae ngoma ya mashujaa wa mlimani, watalii waione. Mashujaa hakuwa nao, akaokota wakulima.

"Shikamoo mzee. Zungusha panga juu ya kichwa, ruka, halafu nguruma."

"Marahaba. Ngoma hii ya nani?"

"Ya kwenu Wachagga."

Anaeli, mzee wa kanisa na mwimba besi, alishtuka kama mtu aliyeambiwa ana pacha. "Mbona sijawahi kuiona?"

"Ndiyo maana nakufundisha, mzee wangu."

Siku ya onyesho likaja agizo la mwisho: chagua mtazamaji mmoja, mkazie macho, mkimbilie, kita panga mbele ya miguu yake. Anaeli akaangaza macho. Wageni watupu! Kumtolea mgeni panga si adabu. Pembeni akamwona jirani yake Eliudi, kaleta ndizi jikoni, kabaki kushangaa. Huyu wa nyumbani, ataelewa. Akamwendea mbio akinguruma, panga likazama ardhini mbele kidogo tu ya kandambili za Eliudi.

Watalii wakapiga makofi. Eliudi hakupiga.

Asubuhi yake Tabitha, mkewe Anaeli, akarudi kutoka kupeleka maziwa, ana habari mbaya. "Eliudi haendi tena kwa akina Kindness."

Eliudi ndiye mshenga wa mtoto wao Jesse, Kindness ndiye mchumba, na posa ilikuwa Jumamosi.

"Anasema umemtolea panga hadharani, Wazungu wakashangilia."

"Ilikuwa ngoma!"

"Basi kamwambie hivyo, mcheza ngoma."

Anaeli akazunguka banda la ng'ombe asijue la kufanya. Mtu anaombaje radhi kwa kosa alilolicheza? Na asipoomba, posa itapelekwa na nani? Mwishowe akachuma jani la isale, lile ambalo Mchagga akiletewa hana budi kusamehe, akavuka mpaka kwenda kwa jirani.

Eliudi alilitazama tu.

"Mangi," akamwita kwa heshima ya Kichagga, "hili ni la kweli, au nalo kakufundisha yule wa karate?"

"La kweli. La baba zetu."

"Hata ile ngoma walitangaza kuwa ya baba zetu. Nimesikia kwa spika, masikio yangu haya."

Anaeli akabaki ameinama, jani mkononi. "Ndugu yangu, ya ngoma mimi sijui. Ninachojua, Jesse anataka kuoa."

Eliudi akachekea puani, akalipokea. "Nitakwenda. Ila wewe Jumamosi baki na ng'ombe. Sitaki wakwe waniulize baba mtu anacheza nini."

Tabitha alikuwa akimsubiri mlangoni. "Amekusamehe?"

"Jani amelichukua. Ila kanikataza kwenda kumposea mwanangu. Hebu niambie, mama Jesse, hapo nimesamehewa?"

Tabitha akachukua ndoo. Akaenda kukamua.