Njoo Tukunje Bandeji

Muuguzi mkuu wa zahanati ile hakuwa mtu wa kufoka. Akiwa na neno zito kwa mfanyakazi, humwita chumba cha nyuma: "Njoo tukunje bandeji," na wengine wote hujua mwenzao ameliwa. Hukaa kwenye kibenchi, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, akazikunja zile zilizofuliwa kwa vidole vinene visivyo na haraka. Hakutazami. Hungoja tu, mpaka useme mwenyewe.

Ikafika zamu ya mpokezi, kijana mwenye mdomo. Jana yake, mbele ya wagonjwa waliojaa kwenye foleni, alikuwa ameita, "Mzee wa kujikuna, ingia!" Watu wakaangua kicheko, mzee akavaa kofia yake akaondoka bila kutibiwa.

"Ulikuwa utani tu, mama."

"Hm." Bandeji ikazunguka.

"Hata yeye alitabasamu."

"Hm."

Mpokezi akakunja ya pili, akakunja ya tatu. Mdomo wake uliozoea kukimbia kama cherehani ukaishiwa uzi. "Hakutabasamu," akasema mwishowe.

"Ugonjwa ule hauponi wenyewe. Utamfuata leo nyumbani kwake, umrudishe."

"Na nikifika nimwambie nini?"

Vidole vya muuguzi vikasimama. Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Sijui, mwanangu. Hata wewe nimekutafutia maneno tangu asubuhi, nikaambulia bandeji."