Futari ya Konokono

Nianze na kosa la wifi yangu Sabiha, maana langu linakuja huko mbele na sina haraka nalo. Desemba iliyopita, mvua za kwanza zilipoanguka, alikodi kigari cha mizigo, kirikuu, kwenda Hombolo kufuata udongo mweusi wa karibu na bwawa. Udongo wetu wa Nzuguni ni mwekundu na mgumu, ukiupiga jembe unaumia wewe. Akarudi na viroba kumi na viwili. Alipomwaga cha kwanza akaona ndani yake chembe nyeupe za mviringo, nyingi, zimelala mafungu mafungu. Akafurahi huyo! "Mishi!" akaniita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Njoo uone, udongo umekuja na mbolea yake ya yuria!" Akazigawa chembe zile kwenye matuta yote kwa mkono wake mwenyewe, sawasawa, asije akalionea tuta hata moja.

Yalikuwa mayai ya konokono.

Msimcheke sana. Sabiha ni mjane wa marehemu kaka yangu Bushiri, mtoto wa mjini aliyezaliwa na watoto wa mjini. Miaka thelathini amekaa mtaa wa Kikuyu kando ya barabara anapika vitumbua, na jembe alikuwa akiliona mikononi mwa wengine. Magoti yalipoanza kugoma akaacha kibanda, akahamia huku Nzuguni kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe, ukuta mmoja na mimi. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja kitupu, na kiwanja hicho ndicho kilicholeta maneno.

Mwanawe ni mmoja tu, Abdulnasiri, mtu wa ofisini, anakaa ghorofa ya tatu na mkewe. Anampenda mama yake, hilo siwezi kumkatalia. Ila ana ule upendo wa kukupangia maisha. Novemba alikuja na futi ya fundi mfukoni, akapima kiwanja kwa urefu na kwa upana, kisha akakaa mkekani. "Mama," akasema, "miguu yako imechoka. Uje ukae kwetu. Hapa tujenge fremu za maduka, nyumba tupangishe."

"Nikae kwenu nifanye nini?"

"Upumzike."

"Nimekwambia nimechoka mimi?"

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Sabiha alitaka kulima mboga, kijana akasema mama huwezi, na mimi shangazi mtu nikaulizwa nasema nini. Nikasema nasema chai imepoa. Mwishowe wakapatana. Siku ya Idi Abdulnasiri atakuja kula. Akilishwa mboga za bustani ile, akashiba, hatalitaja tena neno fremu. Akilishwa za sokoni, mama anafunga mizigo.

Kijana alipoondoka Sabiha akanishika mkono. "Wifi, mimi sitaki kwenda kuomba ruhusa ya kuwasha jiko kwenye nyumba ya mtu. Hapa ni kwangu." Alikuwa na machozi, na yeye si mtu wa machozi.

Basi ndiyo Hombolo hiyo, ndiyo viroba na ndiyo yuria. Akapanda mchicha, figiri, chainizi na spinachi. Vikaota vizuri mpaka nikaona wivu. Januari mvua ikakaza, na wale wageni wa kwenye viroba wakaamka. Kwanza wadogo kama punje za mahindi, halafu kama vidole, halafu wengine kama ngumi ya mtoto. Unalala na tuta la chainizi, unaamka na vijiti. Mchana huwaoni hata mmoja. Ukifunua ubao au jani la mgomba wamejazana chini yake, wameshiba, wamelala zao. Jamani, niliwachukia!

Mpishi ni mpishi, dawa ya kwanza ya Sabiha ikawa chumvi. Akawanyunyizia kama anaunga mchuzi. Walikufa, sikatai, lakini mvua ikaiyeyusha ile chumvi, ikazama ardhini, na tuta zima la spinachi likanyauka. Nikamwambia, "Wifi, umeua mgonjwa na ugonjwa." Akaninunia siku mbili. Dawa ya pili ilikuwa yangu, majivu. Nilizungushia kila tuta kwa ustadi, nikajisifu. Saa tisa mchana mvua ikashuka, majivu yakaenda na maji hadi barabarani. Zamu yake ya kucheka ikafika, naye hakuikosa.

Ndipo akaja bwana shamba wetu, Luka, kijana mpole wa pikipiki. Akainama, akatazama, akaelewa. "Mama, chumvi usirudie, utaua udongo. Waokote asubuhi, vaa mfuko mikononi, ukimaliza nawa kwa sabuni. Na kama unataka waje wenyewe, fukia bakuli mpaka mdomo, utie pombe. Wanafuata ile harufu ya chachu."

Neno chachu Sabiha hakulisikia. Alishakwama kwenye pombe.

"Mimi? Sabiha binti Yahaya? Nipange foleni kilabuni na bakuli langu, na Shaabani hii imeingia?"

"Si ya kunywa, mama. Ya konokono."

"Na mtaa mzima nitauelezaje kwamba anayelewa ni konokono?"

Luka akapanda pikipiki yake huku mabega yanatikisika kwa kicheko. Tukabaki na kuokota kwa mikono, ndoo kwa ndoo, na Idi inakaribia.

Ramadhani ikaingia. Sabiha na magoti yake hakuweza kujizuia, akarudia vitumbua, vya majirani tu, vya kufuturu. Siku moja aliweka ndoo ya unga wake juu ya kibao pale nje, ili joto la jua liuumue, akajilaza kidogo baada ya alasiri. Usingizi wa swaumu unajulikana. Unga ukaumuka, ukapanda, ukasukuma kifuniko, ukamwagika chini kando ya tuta la figiri. Alipoamka akaokoa uliobaki, akapika, tukafuturu. Ule wa chini akasema tutaufagia kesho.

Alfajiri, tulipomaliza kusali, nikasikia jina langu likiitwa mpaka nikadhani kuna msiba. Nikakuta Sabiha amesimama katikati ya bustani, mkono kiunoni. Pale unga ulipomwagika palikuwa hapaonekani ardhi. Konokono wamezunguka, wakubwa kwa wadogo, pembe zimeinama, wanakula bila hata kututazama. Na figiri, hatua moja tu kutoka pale, halijaguswa jani.

"Wamefuturu!" akasema Sabiha. "Mishi, wamefuturu kwangu!" Kisha akajipiga paji la uso. "Chachu! Yule mtoto alisema chachu!"

Tuliwahesabu: mia moja na kumi na saba. Tukawamwagia maji ya moto, tukawafukia shimoni. Tangu siku hiyo kukawa na utaratibu. Vifuu vya nazi anazokunia vitumbua havitupi tena, anavifukia kati ya matuta mpaka mdomo. Ana ndoo ya pembeni ya unga aliouacha uchachuke siku mbili tatu mpaka unakupiga puani. Magharibi, kabla hatujakaa kula, kila kifuu kinapata upawa mmoja. Alfajiri tunakusanya. Siku ya pili sabini, ya tatu arobaini na mbili. Matuta manne yakapona, yakanenepa, na Sabiha akaanza kuimba jikoni.

Sasa kosa langu. Ilikuwa tarehe ishirini na saba ya mfungo. Sabiha alikwenda Kikuyu kumwona mgonjwa, akaniambia, "Wifi, futari leo ni yako. Wanakuja majirani, akina Mzee Masudi. Mchele nimeloweka, usage, utie hamira mapema." Nikasema sawa. Lakini joto, na swaumu, na mimi na kazi ya kusaga hatujawahi kupendana. Nikaingia jikoni nikakuta ndoo imejaa unga, umeumuka, unapumua. Nikajiambia, huyu wifi anajisahau, unga si huu hapa? Iliki nikatia, sukari nikatia nyingi, nikakaanga. Mtaniuliza kwa nini sikuonja. Nimefunga! Mimi nikifunga sionji, hata ncha ya ulimi. Nilinusa, ndiyo, lakini saa kumi na moja jioni mtu mwenye njaa kila kitu kinanukia vizuri.

Sabiha alirudi adhana ikiadhiniwa. Tukala tende, tukanywa maji, sahani ya vitumbua ikazunguka. Mzee Masudi akatafuna, akafumba macho. "Mashaallah," akasema. "Leo vimekolea. Hivi ndivyo alivyokuwa akipika mama yangu." Akachukua cha nne. Sabiha alitafuna polepole, akanitazama, akatazama jikoni, akanitazama tena. Akaja kunong'ona sikioni mwangu, "Mishi, umewalisha wageni futari ya konokono."

Tulicheka mpaka nikaenda kujificha chooni. Kicheko kiliisha asubuhi. Usiku ule mvua ilipiga, vifuu vitupu, na unga mwingine wa kuchachuka haukuwapo. Matuta mawili, la chainizi na la mchicha mkubwa, yalikuwa yamekwenda. Idi imebaki siku mbili au tatu. Sabiha akakaa kwenye kigoda hapo hapo matopeni. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema tu, "Basi wifi. Nitafunga mizigo."

Nilijisikia vibaya, vibaya sana. Kaka yangu alimwachia mkewe nyumba, na mimi nimemtoa kwa uvivu wa kusaga mchele! Nilirudi kwangu bila kuaga. Nikasaga kilo tatu, hamira nikatia mara mbili, sukari, nikaweka juani na kukaa karibu kama nalinda mgonjwa. Vifuu nikavisaka nyumba kwa nyumba mtaa mzima, nikafukia arobaini kuzunguka matuta yaliyobaki, moja la mchicha mdogo na moja la figiri. Siku zote zilizobaki sikukosa alfajiri hata moja. Sabiha alinitazama akatikisa kichwa. "Leo ndiyo nimejua unajua kuinama," akasema. Nikajua nimesamehewa.

Siku ya Idi Abdulnasiri akaja, kanzu mpya, futi ya fundi mfukoni. Niliiona inavyotuna.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa ule," nikawahi kumjibu mimi.

Kulikuwa na wali, mchicha wa nazi na figiri la kukaanga. Alinyanyua jani kwa kidole. "Mama, mbona lina matobo?"

"La sokoni halina," akajibu Sabiha. "La sokoni limepigwa dawa. Kula."

Alikula, akaongeza, akafuta sahani kwa kidole kama alivyokuwa akifanya udogoni. Kisha akataka kuona. Tukatoka nyuma. Sabiha akachuchumaa kwenye tuta, akang'oa magugu mawili, akasimama. Hakushika ukuta wala bega la mtu. Kijana alikuwa ameshanyoosha mkono kumsaidia, ukabaki hewani.

"Magoti hayaumi siku hizi?"

"Yanauma. Ila yana kazi."

Abdulnasiri akatoa futi, nami nikashika pumzi. Akaikunjua, akapima pale palipokuwa na chainizi. "Hapa linaingia tuta la mita nne," akasema. "Samahani mama. Niliona unazeeka, nikaogopa." Mimi nililia hadharani, sina haya ya kulisema.

Alipoondoka akaomba miche michache ya kupanda kibarazani kwake. Sabiha akamjazia beseni. Udongo akauchota chini ya mpapai, pale pale ambapo jana yake tulikuta mayai. Nikamkonyeza, akajifanya hanioni. Mpaka leo anaapa alisahau.

Wiki tatu baadaye simu ya Sabiha ikalia tukiwa tunapalilia, akaiweka sauti ya juu. "Mama, kwenye lile beseni kuna chembe nyeupe za mviringo. Ni mbolea uliyonitilia?"

Nikauma upande wa khanga. Sabiha hata hakutabasamu.

"Ziko nyingi, mwanangu?"

"Nyingi. Na mchicha naona umeanza kuwa na matobo. Si uje kesho uangalie? Nakuja kukuchukua, ulale hapa hata wiki."

"Njoo wewe, nikupe unga na vifuu," akasema, akageukia tuta lake. "Mimi siwezi kutoka, baba. Nina bustani."