Asubuhi Niliyomzimia Mama Mkwe Umeme

Nilifika Johannesburg nikiwa mke wa Mwafrika Kusini aliyerudi kwao baada ya miaka ya uhamishoni Morogoro, ambako ndiko tulikooana. Tulipanga nyumba kuukuu si mbali na mtaa wa Jeppestown. Mama yake akaja kukaa nasi, maana mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni inayotumia umeme, mpira mwembamba ukipita chini ya pua yake kutwa kucha.

Nyumba ile ilikuwa na kiyoyozi kikubwa kilichopasha joto wakati wa baridi. Sehemu moja ilikuwa sebuleni, nyingine nje, chini ya dirisha la jikoni. Joto lilipangwa kwenye kisanduku kidogo ukutani. Mama mkwe alitaka kibaki kwenye nyuzi ishirini, kisiguswe. Mimi baridi ilinitafuna mpaka kwenye meno, kwa hiyo kila akisinzia nilipandisha mpaka thelathini. Akiamka, alitazama namba kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Makoti," aliniambia, ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao, "ukipandisha namba, joto haliji haraka. Unaitesa tu mashine."

Niliitikia, "Ndiyo, Mama," lakini moyoni nilisema ananitawala tu kwa kuwa hanipendi.

Asubuhi moja ya Julai mume wangu alikuwa kazini, na mtungi wa oksijeni ya akiba ulikuwa umepelekwa kujazwa. Majani uani yalikuwa meupe kwa barafu. Nilipandisha namba kama kawaida yangu, nikatoka kuanika nguo. Mara ile mashine ya nje ikanguruma, feni yake ikasimama, ikatoa mlio kama wa nyoka. Moshi mweupe ukapanda ukutani hadi dirishani.

Nilitupa beseni, nikakimbilia jikoni na kushusha meni swichi. Nyumba nzima ikanyamaza. Kisha, kutoka chumbani kwa Mama, kengele ya mashine ya oksijeni ikaanza kulia.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

"Mama, moto! Twende nje!"

Nikamshika kwapani nimwinue. Akanisukuma mkono.

"Moshi... rangi gani?"

"Mweupe."

"Unanuka?"

Nikavuta hewa. Sikunusa kitu ila sabuni ya mikononi mwangu.

"Ni barafu," alisema. "Inajiyeyusha. Washa umeme."

Sikuondoka. Nilifikiri, akikosea, nitatuunguza sote wawili. Akanikazia macho, kifua kikipanda na kushuka.

"Makoti. Washa."

Nilikimbia nikapandisha swichi nikiwa nimefumba macho. Hapakulipuka kitu. Mashine ya oksijeni ikaanza kuunguruma, nami nikapiga magoti mbele ya Mama nikiitazama midomo yake. Ilichukua muda mrefu kurudiwa na rangi. Muda wote huo sikuthubutu hata kufuta machozi.

Alipoweza kuongea alinieleza. Tangu ujanani alifanya kazi za ndani kwa wazungu, na nyumba mojawapo ilikuwa na mashine kama hii. Baridi ikizidi, barafu hushika kile chuma cha nje. Mashine husitisha joto kwa dakika chache ili iyeyushe, na kinachopanda ni mvuke.

"Siku ya kwanza hata mimi nilitoka mbio," alisema, "na mtoto wa watu mgongoni." Akacheka mpaka akakohoa, nami nikaogopa upya.

Mume wangu aliporudi, Mama alimsimulia yote kabla sijafungua mdomo, hata ile thelathini yangu ya kila siku. Uso uliniwaka. Mume wangu akasema taratibu, "Ungemuua mama yangu."

Ilikuwa kweli.

"Lakini sijafa," Mama akamkatiza. "Na huyu anasikia baridi, wewe hujamnunulia hata sweta. Unafikiri namba anapandisha kwa raha?"

Kesho yake Mama alinisimamisha mbele ya kile kisanduku, akanibonyezesha vitufe kimoja kimoja hadi nikavijua. Akapanga ishirini na mbili. Sikuomba ziada.